Tikiti la Chini ya Meza

Chini ya meza hapakuwa na kitu.

Aliinama tena, akapitisha mkono sakafuni kama mtu anayetafuta sindano, ingawa tikiti maji si sindano, na lile lilikuwa kubwa kuliko kichwa cha mtu mzima. Sakafu ilikuwa tupu na ya baridi. Baridi ile aliisikia ikimpanda kutoka vidoleni, ikapita kiwikoni, ikaingia kifuani na kukaa humo.

Pale kwenye kituo cha utafiti wa mbegu walimwita Brashi, kwa sababu ya brashi ndogo ya kuchorea aliyoichomeka daima nyuma ya sikio. Kwa brashi hiyo alichukua unga wa ua dume na kuupaka kwenye ua jike, mapema kabla nyuki hawajaanza pilikapilika zao. Kisha alilifunika ua kwa mfuko wa karatasi na kulifunga uzi, asije mwingine akaingia kati. Vibarua walimtania kwamba yeye ndiye mshenga wa matikiti, na kila msimu walimuuliza mahari imefikia wapi. Kwa kawaida alicheka nao. Leo midomo haikujua hata kicheko kinaanzia wapi.

Banda la vipimo lilikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote, lakini kila mtu aliijua. Kilicho juu ya meza ni cha kazi: kitapimwa uzito, unene wa ganda na utamu. Kilicho chini ya meza kazi yake imekwisha, na yeyote mwenye kisu nyumbani aweza kukibeba. Asubuhi ile jua lilipoanza kuipiga meza kupitia dirishani, Brashi alilionea huruma tikiti lake. Akalishusha kivulini. Alilisukuma chini ya meza kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kama anayemlaza mtoto, na sheria ile haikumjia akilini hata kidogo.

Tena halikuwa tikiti la hivi hivi. Bibi yake upande mmoja alikuwa tikiti pori, dogo, chungu, lisilojua kufa. Upande wa pili palikuwa na tikiti tamu la sokoni, zuri la kuzaa, lakini ugonjwa wa mnyauko ukipita karibu tu, nalo limekwenda. Brashi aliyaozesha hayo mawili. Kizazi cha kwanza kikatoka sare, kama wanafunzi waliopanga mstari. Cha pili kikatawanyika kila mmoja na lake: huyu mtamu lakini mgonjwa, huyu mzima lakini mchungu, huyu ana majani ya kutisha na matunda ya ukubwa wa ngumi. Ndivyo alivyotaka. Pasipo tofauti, aliwaambia vibarua, mtachagua nini? Halafu mnyauko ukaingia shambani kweli kweli, miche yote ikalala kama watu waliopokea habari ya msiba. Mmoja tu ulibaki umesimama, ukazaa kupita ndugu zake wote. Katika matunda yake mengi, yale mengine yalipata unga kutoka kwa nyuki wapita njia, baba yao hajulikani. Moja tu ndilo Brashi aliloliozesha mwenyewe, ua dume na ua jike ya mche uleule, ili tabia zote nzuri zibaki nyumbani. Mche wenyewe ulikwisha kukauka. Jumatatu mkuu wa kituo angekuja kuziona mbegu. Zisingekuwapo, shamba la matikiti lingelimwa na kupewa watu wa mahindi, na Brashi angepewa ahsante yake na kuambiwa arudi kwao.

Alitoka nje karibu anakimbia. Mlinzi wa lango akamwambia, bila hili wala lile, kwamba Fundi alipita na tikiti kwapani, anapiga mbinja.

Hapo ndipo alipokumbuka. Fundi, fundi wa mabomba ya kumwagilia, aliingia bandani asubuhi akiwa amelowa chapachapa, maana bomba lilimpasukia usoni. Matone yalikuwa bado yamening'inia kwenye kope zake. Alimuuliza kitu, na Brashi, ambaye macho yake yalikuwa yamenasa kwenye kope zile, alijibu, "Chukua." Wala hakusikia alichoulizwa. Mwanamke wa umri wake, mwenye digrii zake ukutani, alikuwa ametoa kazi ya miaka kwa sababu ya kope.

Alimpigia simu. Fundi aliipokea kwa furaha, upepo ukivuma nyuma yake. Alikuwa juu ya tangi la maji, mbali, upande wa pili wa mji. Kabla Brashi hajatia neno, akamweleza kwamba amepitia nyumbani na kumpa mama yake lile tikiti.

"Nimemwambia limetoka kwako," alisema. "Nimemwambia umelichagua mwenyewe, kwa ajili yake. Ungemwona, mpenzi. Alinyamaza, lakini alilipigapiga kwa kidole kusikiliza kama limeiva."

Brashi alifumba macho. Alimweleza kwa maneno machache. Upande wa pili wa simu upepo ulivuma peke yake.

"Usiende peke yako," Fundi alisema hatimaye. Sauti ilikuwa imembadilika. "Nisubiri. Nashuka sasa hivi. Unamjua mama."

"Nikikusubiri watalikata."

"Najua. Lakini usiende peke yako."

Alikwenda peke yake.

Kumjua mama alimjua. Alipopelekwa kutambulishwa mara ya kwanza, aliishia kizingitini. Mama yule alimtazama kuanzia viatu hadi brashi, akajibu salamu, kisha akageuka na kumwambia wifi yake, bila kupunguza sauti, kwamba mwanawe wa pekee ameona wasichana wote wa dunia hii na amemletea aliyekwisha shindikana. Brashi aliwahi kuolewa. Waliishi miaka, kitanda kikabaki cha wawili. Yeye alipimwa, akapimwa tena, akanywa kila alichopewa. Mumewe hakupimwa hata mara moja, na hakuna aliyemwambia akapimwe. Siku moja alikusanya nguo zake na kuondoka. Tangu hapo kila Brashi alipoona ua jike limepokea unga vizuri kisha likanyauka na kudondoka, aliliokota akalitazama. Kosa la nani? Ua halisemi.

Hicho ndicho alichokiogopa kuliko Jumatatu. Kwamba Fundi, ambaye alikuwa mdogo kwake kwa miaka kadhaa na aliyesema kila siku kwamba anamtaka yeye, si watoto, ataamka asubuhi moja na kukuta maneno ya mama yake yameota ndani ya kichwa chake.

Alitembea upesi, kijasho chembamba kikimtoka mgongoni. Mtaa ulikuwa na nyumba za kuta fupi, nguo zimeanikwa juu ya kamba, redio moja ikisikika kutoka madirisha matatu. Kila hatua miguu ilimwambia rudi. Alifika kwenye lango la bati, akapiga hodi kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia.

Aliyefungua ni shangazi yake Fundi, dada wa marehemu baba yake, mwanamke mnene mwenye meno ya kucheka na ulimi usiopumzika. Kidevu chake kilikuwa kinang'aa kwa maji ya tikiti.

"Huyo, mwenye tikiti lake," alisema. "Umechelewa, mwanangu. Tumelifanyia unyama. Mimi ni mtu wa kisukari na nimekula vipande ambavyo daktari wangu hatavijua."

"Maganda yako wapi, shangazi?"

Shangazi alidhani hakusikia vizuri. Akamwonyesha kwa kidevu kilekile: wifi yake alikuwa ameyapeleka nyuma, kwa kuku.

Kuanzia hapo Brashi hakuwa na adabu tena. Alipita katikati ya sebule ya watu na viatu vyake vya shambani, akatokea mlango wa nyuma. Kuku walikuwa wamejaa juu ya maganda, jogoo amesimama katikati kama mwenye shughuli. Mama yake Fundi alisimama kando na ndoo tupu mkononi, ana aproni nyeupe. Brashi alimpita kama mtu apitaye nguzo. Aliwafukuza kuku kwa mikono miwili, akapiga magoti palepale, akaanza kugeuza maganda moja baada ya jingine. Nyama nyekundu imetobolewa na midomo ya kuku. Mbegu hakuna. Akachambua udongo kwa kucha. Hakuna. Alimwangalia jogoo, jinsi shingo yake ilivyovimba, na yeye ambaye hata kiwavi alimuua kwa kusitasita, aliwaza kisu.

"Siku hizi ndivyo watu wanavyoingia majumbani?" sauti ilisema juu yake.

Aliinua uso. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inuka kwenye mavi ya kuku."

Shangazi alikuwa amefika mlangoni. "Mwache, wifi. Labda amedondosha pete."

"Pete ipi?" mama akamjibu, bila kumtazama. "Nani kamvisha?"

Maneno yalimchoma, lakini hakuinuka. Alisema kwamba anatafuta mbegu za tikiti lile, na kwamba kama kuku wamezila basi naye amekwisha.

Mama aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kitambaa kidogo kilichofungwa fundo.

"Miaka yote hii nimekula matikiti," alisema, "na tamu kama hili sijawahi kukutana nalo. Unadhani ningewapa kuku mbegu zake? Nimeziosha mwenyewe. Nilitaka kuzipanda pale ukutani."

Roho ya Brashi ilirudi mahali pake kwa kishindo, hata masikio yakavuma. Alinyoosha mikono yote miwili, ile ile yenye uchafu. Mama hakumpa.

"Kwanza niambie. Mwanangu alisema umeniletea wewe. Sasa umefuata kuidai zawadi yako?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, na Brashi aliuona. Angeweza kusema ndiyo, nilikuletea, mama, ila nimesahau kujitengea mbegu kidogo. Fundi angebaki mtoto mwema, naye angebaki mkwe mwenye mkono wazi. Uongo mdogo tu, usio na uzito wa mbegu moja. Lakini kazi yake yote ilikuwa ya kutazama kilichopo na kukitaja kama kilivyo, na ulimi haukupinda.

"Sikukuletea, mama. Tikiti lilikuwa la kazi. Nililiweka mahali pasipo pake, na mwanao alipoomba nikamwambia chukua bila kusikia anaomba nini. Alitaka tu unipende. Kosa ni langu."

Shangazi alitoa pumzi ndefu puani. Uso wa mama haukubadilika, ila kitambaa kilibanwa zaidi kiganjani.

"Nilikuwa nimefika kipande cha pili," alisema polepole, "nikaanza kujiambia, labda nimemwonea yule."

Hilo lilimwumiza Brashi kuliko habari ya pete.

Mama akamuuliza mbegu zile zina nini cha kumpigisha mtu magoti. Brashi alimweleza: mnyauko, mche mmoja uliosalia, Jumatatu. Alieleza huku akiangalia mkono ule uliofumba, na mama alisikiliza vizuri sana, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kutaja bei. Alipomaliza, mama alivuta kigoda, akakaa, macho yao yakawa sawa.

"Kwa hiyo maisha yako yote yamo humu."

"Ya kazi yangu, ndiyo."

"Na maisha yangu yote ni mtoto mmoja." Mama alishusha sauti, hata shangazi akalazimika kusogea. "Sikuchukii, binti. Nikikutazama naona mtu mzuri. Lakini mimi ni mzee, na huyu akikuoa, akizeeka na wewe, atazikwa na nani? Nitaacha nyumba hii na nani ndani yake? Usiku silali. Basi tusizungushane. Chukua mbegu zako, uende ukaokoe kazi yako. Niachie mwanangu. Mwambie lolote, mimi sitasema kitu. Au mbegu, au yeye."

"Wifi," shangazi alisema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Hayo si maneno ya kucheza."

"Sichezi."

Kuku walikuwa wamerudi kwenye maganda, wanadonoa karibu na magoti ya Brashi kana kwamba ni jiwe. Alikitazama kile kitambaa. Aliona mche uliosimama peke yake katikati ya miche iliyolala. Akaona benchi la kituo cha mabasi, sanduku lake juu ya benchi, yeye kando yake. Mwili wote ulikuwa unaogopa. Aliogopa kupoteza kazi, aliogopa uzee wa peke yake, aliogopa zaidi kwamba mama huyu alikuwa anasema kweli na kwamba siku moja Fundi angemtazama yeye kwa macho hayo hayo. Alijua kitu kimoja tu kuhusu kesho, nacho ni kwamba haijui. Kila msimu alipanda hivyo hivyo.

"Zinataka jua la kutwa," alisema.

Mama alikunja uso. "Nini?"

"Mbegu. Pale ukutani pana kivuli mchana, hazitazaa. Zipande huku katikati, uwazi huu. Uzianike kwanza kivulini hadi zikauke, usizianike juu ya bati, zitaungua. Maji usimwage mengi, umwage shinani, si kwenye majani. Na kuku lazima wafungiwe." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini aliendelea kama anayetoa maelekezo kwa vibarua. "Mama, sijui kama nitazaa. Hakuna aliyeniambia ndiyo, wala hakuna aliyeniambia hapana. Naogopa kama unavyoogopa wewe, labda zaidi. Lakini mwanao siwezi kumbadilisha na kitu, hata hicho. Akiniacha mwenyewe, nitakwenda. Kaa nazo."

Akainuka. Magoti yalikuwa mekundu kwa maji ya tikiti na udongo. Aliinama kidogo kwa heshima, akaanza kuelekea mlangoni. Shangazi alimpisha bila neno, jambo ambalo majirani wasingeliamini.

Lango la mbele likagongwa ukutani. Fundi aliingia anahema, spana bado mkononi, shati limemgandia mwilini. Aliona magoti ya Brashi, akaona uso wake, akasimama katikati ya mlango wa nyuma, hamruhusu kupita. Alimshika mkono. Mkono wa Fundi ulikuwa wa baridi kuliko wake.

"Mama," alisema. "Umemfanya nini?"

"Nimempa achague," mama alijibu kutoka kwenye kigoda. "Mbegu hizi au wewe."

Fundi aligeuka, akamtazama Brashi. Rangi ilikuwa imemtoka. Alimjua vizuri, alijua ni asubuhi ngapi alimkuta ameinama shambani na taa kabla ya mtu yeyote, alijua anavyoongea na miche kama na ndugu. Brashi aliona waziwazi kwamba hakuwa na hakika, na kwamba kutokuwa na hakika kule kulikuwa kunamuua.

"Amechagua nini, mama?"

Mama alifungua fundo la kitambaa pajani pake, akazipanga mbegu kwa kidole, nyeusi, zinang'aa, akazitazama kana kwamba nazo zina la kumwambia. Redio ya jirani ilisikika neno kwa neno. Brashi alihisi vidole vya Fundi vikizidi kubana, naye akavibana.

"Kalete jembe," mama alisema.

"Jembe la nini?"

"Jembe la kulimia, mwanangu, kwani kuna jingine? Halafu utafute waya, uwafungie hawa kuku. Na bomba lako la maji lifike hapa katikati, shinani, si kwenye majani." Aliinua macho, hakumtazama mwanawe, alimtazama Brashi. Hayakuwa macho ya mtu aliyetulia. Hofu yote ilikuwa bado imo. "Nusu tutazianika hapa. Nusu umpelekee huyo mkuu wako. Mimi nikipanda peke yangu huwa zinaoza, kwa hiyo wewe usiende popote. Kati ya shimo na shimo tunaacha kiasi gani?"

Brashi akavua viatu, akasogea hadi katikati ya uwanja, akapima ardhi kwa hatua zake mbili.